Ukiumia kichwa, si kisu peke yake kitakachokuokoa

WENGI wetu tukisikia kwamba fulani alipasuliwa kichwa akapona, sifa zote humwendea daktari aliyeshika kisu. Jamaa hulijua jina lake na kulitaja kwa miaka mingi. Ni nadra mtu kuuliza ni nani aliyekuwa akimpumulia mgonjwa huyo muda wote alipokuwa mezani, ni nani aliyeichunga presha yake isishuke, na ni nani aliyekesha naye katika chumba cha wagonjwa mahututi siku zilizofuata. Huyo ni mtaalamu wa nusukaputi, na kwa mgonjwa aliyeumia kichwa kazi yake ni zaidi ya kumlaza mtu usingizi.

Ili uielewe kazi hiyo, msomaji, yafaa kwanza ujue kwamba jeraha la kichwa huja mara mbili. La kwanza ni pigo lenyewe: bodaboda imegonga ukingo wa barabara, matatu imepinduka, mzee ameteleza bafuni, mtoto ameanguka kutoka roshani ya ghorofa ya pili. Seli za ubongo zilizopondwa wakati huo zimekufa na hakuna daktari awezaye kuzifufua. Jeraha la pili huanza dakika chache baadaye na huendelea kwa saa nyingi, hata siku kadhaa. Ubongo unavimba, damu inavuja na kuganda ndani ya fuvu, pumzi inakwama, presha inashuka, na sehemu za ubongo zilizonusurika lile pigo zinaanza kufa kwa kukosa hewa. Hili la pili ndilo tunaloweza kupigana nalo.

Fuvu la mtu mzima ni kama sufuria ambayo kifuniko chake kimekazwa kisifunguke. Ndani yake mna vitu vitatu: ubongo wenyewe, ambao ni karibu asilimia 80, damu asilimia 10 hivi, na maji yanayouzunguka ubongo asilimia 10. Daktari Alexander Monro wa Edinburgh aliandika juu ya jambo hili mwaka 1783: kwa kuwa fuvu halitanuki, kimoja kikiongezeka lazima kingine kipungue. Bonge la damu linapoanza kukua, maji husukumwa kuelekea uti wa mgongo na damu ya mishipa ya vena hukamuliwa nje. Kwa hiyo kwa muda fulani mgonjwa huonekana hana neno. Anazungumza, anaomba chai, anataka kurudi nyumbani. Nafasi ile ya akiba ikiisha, shinikizo ndani ya fuvu hupanda ghafla, na ubongo husukumwa chini kuelekea tundu lililo kwenye kitako cha fuvu. Hapo ndipo ilipo sehemu inayoendesha pumzi.

Sasa utaona kwa nini maneno "mwacheni alale, amechoka" ni ya hatari. Kijana ameanguka na pikipiki saa mbili usiku, akazirai kidogo, akaamka, akapelekwa nyumbani. Saa sita anakoroma sana. Mama anafurahi kwamba mwanawe amepata usingizi, kumbe anakata roho taratibu. Ubaya ni maradufu iwapo kijana ananuka pombe, maana kila mtu, akiwamo askari wa zamu na hata mhudumu wa hospitali, atasema ni mlevi. Mlevi pia ana ubongo, na huanguka zaidi kuliko asiyekunywa. Mtu aliyegongwa kichwa na haamki vizuri ahesabiwe kuwa ameumia ubongo mpaka daktari athibitishe kwamba sivyo.

Mkoromo wenyewe una hatari yake. Ubongo una uzito wa kilo moja na nusu kasoro kidogo, yaani asilimia 2 hivi ya uzito wa mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya oksijeni yote tunayovuta. Tena hauna ghala la kuiweka. Mtu asiye na fahamu, ulimi wake huanguka nyuma na kuziba koo. Oksijeni hupungua, na hewa chafu ya kabonidioksidi hurundikana katika damu. Kabonidioksidi ikizidi, mishipa ya damu ya ubongo hutanuka; mishipa ikitanuka, damu huongezeka ndani ya ile sufuria isiyofunguka, na shinikizo hupanda zaidi.

Hapa ndipo mtaalamu wa nusukaputi anapoingia. Humpa mgonjwa dawa ya usingizi na ya kulegeza misuli, humtia mrija kooni huku msaidizi ameshikilia shingo isigeuke, kisha humpumulia kwa mashine. Ukisikia hivyo utadhani ni kazi rahisi. Lakini mgonjwa akikohoa mrija unapopita, shinikizo la kichwani hupaa. Akipewa dawa ya usingizi kupita kiasi, presha ya damu huporomoka. Akipumuliwa polepole mno, kabonidioksidi hupanda na ubongo hufura. Akipumuliwa kasi mno, kabonidioksidi hushuka kupita kiasi, mishipa hujikunja na ubongo hukosa damu. Zamani tuliamini kumpumulia mgonjwa kwa kasi ni tiba nzuri. Siku hizi kabonidioksidi hushikiliwa kati ya milimita 35 na 40 za zebaki, na kupumulia kwa kasi kumebaki kuwa hatua ya dharura ya muda mfupi tu.

Jambo la pili analolilinda ni presha. Damu haiingii ubongoni isipokuwa nguvu inayoisukuma imezidi shinikizo lililomo ndani ya fuvu. Hesabu yake ni ya kutoa tu: wastani wa presha ukiwa 90 na shinikizo la fuvu likiwa 25, ubongo hubaki na 65, na hiyo inatosha. Presha ikishuka hadi 60, zinabaki 35, na ubongo unakufa njaa ingawa moyo bado unadunda. Uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka 1993, uliohusu wagonjwa 717 walioumia vibaya kichwani, ulionyesha kwamba wale ambao presha yao ilishuka walikufa kwa kiwango kinachokaribia maradufu. Ndiyo sababu mtaalamu huyu humkagua mgonjwa wa kichwa tumboni, nyongani na mapajani. Kwa mtu mzima, presha iliyoshuka aghalabu haitokani na damu ya ndani ya fuvu, kwa kuwa humo hamna nafasi ya damu nyingi. Hutoka kwenye wengu lililopasuka au mfupa wa paja uliovunjika.

Mengine anayoyafanya huonekana madogo. Kitanda huinuliwa upande wa kichwa kwa nyuzi 30, kichwa hulazwa kikitazama juu sawasawa, na kamba ya kufungia mrija hailegezwi wala haikazwi shingoni, kwa sababu vena zikibanwa damu haitoki kichwani. Homa hushushwa, na sukari hupimwa mara kwa mara. Shinikizo likipanda hutolewa dawa ya manitoli, au maji yenye chumvi nyingi, ambayo huvuta maji kutoka ubongoni. Na hapa niwaombe jamaa wa wagonjwa jambo moja: msiwashurutishe wauguzi wamtundikie mgonjwa wenu maji ya glukosi ati apate nguvu. Maji hayo, sukari ikishatumika mwilini, hubaki maji matupu ambayo huingia ubongoni na kuzidisha uvimbe.

Kwenye upasuaji wa kawaida mtaalamu wa nusukaputi hukaa upande wa kichwani. Katika upasuaji wa ubongo kichwa ni mali ya mpasuaji, na uso wote wa mgonjwa umefunikwa kwa vitambaa. Mrija ukichomoka humo chini, kuurudisha ni balaa. Huufunga kabla, akaukagua tena na tena, kisha akaa pembeni kwa saa tatu au nne akisoma mashine.

Pengine utauliza ilikuwaje mtu wa dawa ya usingizi akatoka chumba cha upasuaji na kuhamia kwenye wodi. Ilianzia Copenhagen, Denmark, mwaka 1952, mji ulipokumbwa na ugonjwa wa kupooza, yaani polio. Wagonjwa walikuwa wakifa kwa kushindwa kupumua. Bjørn Ibsen, daktari wa nusukaputi, aliitwa, msichana wa miaka 12 akatobolewa koo na kutiwa mrija, naye Ibsen akampumulia kwa mfuko wa mpira kama afanyavyo kwenye upasuaji. Msichana akanusurika. Mashine hazikuwapo za kutosha, basi wanafunzi wapatao 1,500 wakapokezana zamu ya kuibinya mifuko hiyo usiku na mchana. Mwaka uliofuata Ibsen alifungua wodi maalumu ya wagonjwa mahututi, na ICU za leo zimetokana na wazo hilo.

Katika ICU utasikia madaktari wakitaja namba. "Ni 7 kwa 15," au "amepanda hadi 10." Hicho ni kipimo cha Glasgow, kilichotolewa mwaka 1974 na Graham Teasdale na Bryan Jennett. Huhesabu jinsi mgonjwa anavyofumbua macho, anavyozungumza na anavyosogeza viungo. Mzima kabisa ana 15, wa chini kabisa ana 3, na mwenye 8 kushuka chini kwa kawaida huhitaji mrija wa kupumulia. Uliza namba hiyo kila siku, na uliza ilikuwa ngapi jana. Kupanda au kushuka kwake kunaeleza mengi kuliko namba ya siku moja.

Si kila kilichoaminiwa kimesimama. Kwa miaka mingi dawa za steroidi zilitolewa ili kupunguza uvimbe. Utafiti wa CRASH wa mwaka 2004, wenye wagonjwa 10,008, ulionyesha kwamba waliopewa walikufa wengi zaidi katika wiki mbili za kwanza, asilimia 21 dhidi ya 18, na dawa hizo zikaachwa. Mwaka 2019 utafiti mwingine ulionyesha kwamba asidi ya traneksamiki, ambayo husaidia damu kuganda, hupunguza vifo kwa wasioumia vibaya mno iwapo itatolewa ndani ya saa tatu. Na mwaka 2012 wagonjwa 324 wa Bolivia na Ecuador waligawanywa: baadhi walitiwa kipimo cha shinikizo ndani ya fuvu, wengine wakafuatiliwa kwa macho ya daktari na picha za skani tu. Matokeo yalikaribiana. Kwangu mimi hizo ni habari njema kwa nchi kama Kenya. Kipimo hicho ni cha bei ghali, lakini mtu makini anayemtazama mgonjwa kila saa anaweza kufanya mengi bila hicho.

Mtu huyo makini si lazima awe bingwa. Mabingwa wa nusukaputi nchini ni wachache na wengi wao wako Nairobi na miji mikubwa. Wanaotoa dawa hiyo katika hospitali nyingi za kaunti ni maafisa wa kliniki na wauguzi waliosomea kazi hiyo. Wanaweza kuilinda pumzi na presha, na hayo mawili ndiyo yanayomfikisha mgonjwa kwa mpasuaji akiwa bado na ubongo wa kuokoa. Kwa hiyo usimwambie dereva apite hospitali zote mbio mpaka Nairobi. Mgonjwa asiye na fahamu apelekwe kwanza kwenye hospitali ya karibu yenye mtu wa nusukaputi. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 43, inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 imeweka adhabu kwa hospitali inayokataa. Akipewa rufaa, uliza kabla ambulensi haijaondoka: Mna oksijeni ya kutosha safari yote? Nani atakaa naye nyuma, na anaweza kumpumulia? Hospitali tunakokwenda wameambiwa, na wana kitanda?

Barabarani, usimpandishe bodaboda akiwa amebanwa katikati ya watu wawili. Usimpe maji wala uji, kwani utaingia mapafuni. Shikilia kichwa na shingo vilingane na mwili, na akitapika mgeuzeni wote pamoja kama gogo. Ukiwa nyumbani na aliyegongwa kichwa, mwamshe mara kwa mara usiku wa kwanza. Kimbilia hospitali ukiona kichwa kinazidi kumuuma, anatapika tena na tena, mkono au mguu umelegea, mboni moja ya jicho ni kubwa kuliko nyingine, ametukutika kwa kifafa, au maji meupe yanatoka puani au sikioni.

Na ikiwa wako amelazwa ICU, usidhani usingizi aliowekwa ni dalili kwamba madaktari wamekata tamaa. Ubongo uliolala hutumia oksijeni kidogo. Siku dawa zitakapopunguzwa atakohoa, atatapatapa na kuishika mirija, na wengi hutoka wodini wakilia wakidhani anateseka. Kaa naye, mwite jina lake kwa sauti ya chini, umwambie yuko wapi. Muuguzi ataishughulikia mirija.