Siku Tatu Moshi Bila Kuuona Mlima

Tulifika Moshi jioni moja ya Aprili, mimi, mke wangu na binti yetu wa miaka tisa, baada ya kushinda kutwa ndani ya basi kutoka Dar es Salaam. Binti alikuwa amejaza daftari lake michoro ya Kilimanjaro: kofia nyeupe, anga la buluu, na twiga mmoja chini. Kulipokucha alikuwa wa kwanza kufungua dirisha.

"Baba, mlima uko wapi?"

Mbele yetu palikuwa na mapaa ya mabati yakichuruzika maji, na nyuma yake ukuta wa kijivu.

Siku ya pili hali ikawa ile ile. Nikanuna mezani, nikipiga hesabu ya nauli na chumba kama mtu aliyeuziwa mbuzi kwenye gunia. Lakini nani aliniuzia? Masika hunyesha Machi hadi Mei, na sisi tulikwenda Aprili kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa. Ahadi niliyoidai nilijiwekea mwenyewe, kwa miaka ya kutazama mlima ule kwenye kalenda za ukutani.

Hata wakati wa kiangazi, Kilimanjaro una saa zake. Alfajiri mara nyingi huwa mweupe. Jua likipanda, mbavu za mlima hupata joto, hewa yenye unyevu hupaa, hupoa na kugeuka mawingu. Ikifika saa nne au saa tano, kilele cha mita 5,895 huweza kufunikwa hadi jioni. Wenyeji wanalijua hilo. Mgeni aliyechelewa kuamka hulalamika kwamba amekosa bahati.

Mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann aliuona mlima huu tarehe 11 Mei 1848, nao ulikuwa msimu wa masika. Weupe wa kileleni aliudhani kwanza kuwa wingu. Kiongozi wake wa njia akauita baridi, basi. Habari zilipofika Ulaya, msomi wa London William Desborough Cooley alikataa katakata kwamba karibu na ikweta kunaweza kuwa na theluji. Picha aliyokuwa nayo kichwani ilimzuia kumwamini mtu aliyefika. Nami nilifanana na Cooley. Rebmann hakutarajia theluji, akadhani ameona wingu. Mimi nilitarajia theluji, na wingu nikalihesabu si kitu.

Siku ya tatu tulipanda kwenye vijiji vya mlimani kwa sababu tu chumba kilikuwa kimetuchosha. Mzee mmoja alitukaribisha kihambani kwake, yaani shamba la nyumbani. Tuliitikiwa shikamoo zetu, tukapewa vigoda karibu na moto. Mkewe alikuwa akikaanga kahawa kwenye chungu; binti akapewa mchi, akatwanga mpaka jasho likamtoka. Nje, matone yalidunda juu ya majani ya migomba, na harufu ya kahawa ikachanganyika na ya udongo uliolowa.

Mvua ilipopungua, mzee alitupeleka kwenye mfongo, mfereji wa Wachaga wa kuleta maji mashambani. Akachota maji kwa kiganja.

"Mnautafuta mlima, wanangu? Huu hapa. Lile wingu mnalolilaumu ndilo linalotunywesha."

Alisema kweli. Sehemu kubwa ya maji ya Kilimanjaro hutokana na mvua na ukungu wa ukanda wa misitu, si barafu ya kileleni. Ndiyo yanayoteremka hadi Mto Pangani.

Sisemi kila mvua ni neema kwa msafiri. Barabara ikikatika au mto ukifurika, kurudi nyuma ndiyo busara. Lakini kukatishwa tamaa si hatari, na dawa yake huanzia nyumbani. Kabla ya kulipia chumba, muulize mwenyeji msimu una nini, si bei peke yake. Anayetaka kilele aende Januari au Februari, aamke kabla ya jua. Anayekwenda masika achukue buti, aache siku moja bila ratiba, na awaambie watoto ukweli mapema.

Kwenye basi la kurudi, binti alichora mfongo, migomba, na juu yake kijivu kitupu hadi mwisho wa ukurasa. Nikamuuliza mlima uko wapi.

"Ndani ya wingu, baba. Unatengeneza maji."