Msafara wa Udongo

Wako wadhanio kwamba kazi ya sanaa katika darasa la kwanza na la pili haifanyiki pasipo rangi za dukani na karatasi nyeupe. Sisi hatukubali. Katika nchi ya Tabora, penye udongo wa mfinyanzi mabondeni na vichuguu kila upande, mwalimu amekwisha kupewa nusu ya vifaa vyake bila kulipa hata senti.

Kazi tunayoieleza ni kufinyanga msafara. Wanyamwezi walikuwa wapagazi mashuhuri. Katika karne ya 19 walichukua pembe za ndovu mabegani mpaka Bagamoyo, wakarudi na merikani, kaniki na ushanga. Mbele yao alitangulia kirangozi. Miembe mikubwa ya Tabora ni kumbukumbu ya njia ile, na huko Kwihara ipo tembe inayokumbusha mahali alipokaa Livingstone mwaka 1872. Basi mwalimu na awapeleke watoto chini ya miembe kwanza, mmoja ajitwishe mzigo wa kuni, na wenzake wamtazame. Shingo yake imekaaje? Mkono usioshika mzigo wafanya nini? Asiyetazama hawezi kufinyanga.

Udongo utwangwe, uchekechwe, ulowekwe usiku kucha, kisha ukandwe sana hata hewa yote itoke. Ukinata mno vidoleni, uchanganywe na vigae vya chungu vilivyosagwa, usije ukapasuka unapokauka. Hapa wengi wetu hukosea: humwacha mtoto afinyange miguu mbali na kuibandika mwilini, nayo ikikauka huanguka. Afadhali aivute katika donge lile lile, tena iwe minene kuliko ya mtu wa kweli. Kitu ambacho hakina budi kubandikwa, mathalan mzigo, kikwaruzwe na kupakwa uji wa udongo kwanza. Sanamu zikauke kivulini kwa siku nyingi. Zikitiwa motoni zingali na maji ndani, maji hayo hugeuka mvuke na kuzipasua kwa kishindo, na kilio cha mtoto aliyepotewa na mtu wake si kidogo.

Rangi ni jambo jepesi: makaa yaliyosagwa, udongo mwekundu na chokaa, kila kimoja katika uji mwepesi wa muhogo. Kijiti kilichotafunwa ncha ndiyo brashi.

Lililo zito ni jingine. Tumeona madarasa ambamo mwalimu hufinyanga mtu mmoja, akamweka mezani, na watoto wote wakamwiga. Mwisho wa kazi ana watu arobaini walio sawasawa, wala hajui mtoto gani ameona nini. Katika darasa moja binti mdogo alifinyanga mwanamke, chungu kichwani na mtoto mgongoni. Mwalimu akamwamuru amvunje, kwa kuwa wapagazi walikuwa wanaume. Yule binti akajibu, "Shikamoo mwalimu, bibi amesema wanawake walikwenda pia." Naye alisema kweli, maana misafarani walikuwamo wanawake, wakichukua vyungu na vyakula. Mwalimu alinyamaza kitambo, kisha akamchukua yule mwanamke kwa mikono miwili, akamsimamisha karibu na kirangozi. Kesho yake watoto wanne walileta wanawake wao, na mmoja akaleta mbuzi.