Saratani ya Matiti: Nani Aanze Kupimwa?

Nchini kwetu saratani ya matiti ni ya pili kwa wanawake, baada ya ile ya mlango wa kizazi, na wengi hufika hospitali ikiwa imeshasambaa. Kutoka milimani Upare hadi KCMC Moshi ni safari ya gharama. Hivyo tuanze na walio katika hatari zaidi.

Mwanamke ambaye mama, dada au binti yake aliugua ana hatari karibu mara mbili. Madaktari wengi hushauri aanze kupimwa miaka 10 kabla ya umri ambao ndugu huyo aligundulika: mama akigundulika na miaka 45, binti aanze na 35. Tuulize na upande wa baba, maana hitilafu za jeni za BRCA1 na BRCA2 hurithiwa huko pia.

Hata hivyo, wagonjwa walio wengi hawana historia hiyo katika ukoo. Kila mama akiona uvimbe, ngozi kubonyea au chuchu kutoa damu, aende kituo cha afya mara moja, hata kama hasikii maumivu.

Wanakamati, tunawaomba muulize kwa faragha, si kwa matangazo ya kanisani. Wafadhili wetu, nauli ya rufaa humfikisha mama kwa daktari mapema.