Pointi za Kriketi: Umemshinda Nani?

Sisi wa Bariadi twaijua vema hesabu ya kandanda. Ukishinda wapewa pointi 3, ukitoka sare 1, ukishindwa huna kitu. Hesabu hiyo haikuulizi umemshinda nani, na katika ligi haina ubaya, maana kila timu hukutana na kila timu. Lakini mataifa yachezayo kriketi hayakutani yote. Tuseme moja limecheza mechi 40 na jingine 12. Moja limepambana na India, jingine na wanyonge watupu. Utayapangaje?

Fikiri habari ya pamba yetu ya Simiyu. Karani wa mizani hatazami uzito tu. Hutazama pia kama pamba ni safi au ni fifi. Ndivyo lifanyavyo Baraza la Kimataifa la Kriketi katika mechi za siku moja na zile fupi za ova 20.

Kila timu ina kiwango chake. Zikikutana mbili ambazo pengo lao halifiki 40, mshindi huandikiwa kiwango cha mwenzake pamoja na 50, naye aliyeshindwa huandikiwa kiwango cha mwenzake kasoro 50. Basi mwenye 70 akimshinda mwenye 100 huandikiwa 150, na yule mkubwa huandikiwa 20 tu. Pengo likiwa 40 au zaidi, mambo hubadilika: mkubwa akishinda huandikiwa kiwango chake mwenyewe na 10 juu, lakini akishindwa hukatwa 90, na mdogo huongezwa 90. Kisha pointi zote hujumlishwa na kugawanywa kwa idadi ya mechi. Kila Mei hesabu husahihishwa: mechi za mwaka uliopita huhesabiwa kamili, za miaka miwili ya nyuma yake huhesabiwa nusu. Sifa za zamani hazikai sana.

Wachezaji nao hupimwa, tangu mwaka 1987, kwa mpango ulioanzishwa na Ted Dexter, aliyepata kuwa nahodha wa Uingereza. Pointi zao huanzia 0 hata 1000. Mikimbio 50 mbele ya warushaji hodari huleta pointi nyingi kuliko 50 mbele ya warushaji dhaifu. Afikaye 900 ni nadra sana. Don Bradman wa Australia alifika 961.

Sasa tazama jirani zetu. Mwaka 2003 Kenya iliishinda Sri Lanka mjini Nairobi kwa mikimbio 53, katika mashindano ya Kombe la Dunia. New Zealand ilikataa kwenda Nairobi kwa kuhofia usalama, na Kenya ikapewa pointi 4 bila kurusha mpira. Ikafika nusu fainali. Pointi za mashindano zaweza kutolewa hivyo. Kiwango hakipandi kwa mechi isiyochezwa. Baada ya hapo wakubwa hawakucheza nayo sana, na mwaka 2014 Kenya ikapoteza haki ya kuhesabiwa katika mechi za siku moja za kimataifa.

Mimi naona hapo pana uonevu. Mkubwa akicheza na mdogo hupata kidogo na huenda akapoteza mengi; mdogo asipokutana na mkubwa atapandaje? Nayo orodha ndiyo hufungua milango. Kwa Kombe la Dunia la ova 20 la mwaka 2024, Afghanistan na Bangladesh ziliingia kwa nafasi zao katika orodha. Uganda ilibidi ipiganie nafasi huko Windhoek mwezi Novemba 2023, mashindano ambayo Tanzania nayo ilikuwamo. Uganda ikaishinda Zimbabwe, ikaingia.

Timu yetu ya Tanzania yahesabiwa pia, kwa kuwa tangu tarehe 1 Januari 2019 mechi za ova 20 baina ya nchi zote wanachama ni rasmi. Kila mechi ya aina hiyo ichezwayo Dar es Salaam huingia katika daftari.

Na jambo moja wengi hawalijui: daftari hilo haliulizi umeshindwa kwa kiasi gani. Mwezi Juni 2024 West Indies waliwatoa Waganda wote kwa mikimbio 39 tu, wakashinda kwa 134. Lau wangeshinda kwa mkimbio 1, Uganda ingekatwa pointi zile zile.