Chipsi mayai za Kigali ziko ndani

KIGALI. Wiki yangu ya kwanza hapa nilitembea kutoka Nyabugogo hadi mjini nikinusa. Mtu aliyekulia Dar es Salaam haulizi chipsi mayai ziko wapi: anafuata harufu ya mafuta mpaka aone kabati la kioo, jiko la mkaa na mishikaki pembeni ya barabara. Kigali pua haikunisaidia. Barabara safi, taa zinawaka, banda hakuna.

Sababu wafanyabiashara wazoefu wa Rusumo wanaijua. Jiji haliruhusu kuuza bidhaa kando ya barabara, na anayenunua kwa mmachinga naye hutozwa faini. Isitoshe, kula huku unatembea huonekana ni kukosa adabu. Chakula kiko ndani.

Nikaingia ndani. Kiswahili ni lugha rasmi ya Rwanda tangu 2017, hivyo niliagiza kwa kujiamini: "Chipsi mayai." Kijana akaitika, akarudi na sahani ya chipsi, mayonezi, na mayai mawili ya kuchemsha. Sikuwa na la kulalamika. Alileta nilichotaja.

Aliyeniokoa ni mama mmoja wa Kahama, muuza mchele, niliyekutana naye Biryogo, kule Nyamirambo, mtaa ambao Kiswahili kimezungumzwa kwa vizazi. Nilimwamkia, nikamweleza shida yangu. Akacheka.

"Mwanangu, hapa sema umureti. Halafu waambie ifiriti ziingie humo humo ndani."

Umureti ni mayai ya kukaanga, ifiriti ni chipsi. Maneno yote mawili yametoka kwenye Kifaransa. Yeye hakuyajifunza kwa ajili ya tumbo. Safari yake ya kwanza alikaa kimya sokoni, dalali akamsemea kwa wanunuzi, na bei ikawa ya dalali. Alirudi Kahama na nauli na fedheha. Safari ya pili alikuja anajua kwamba mchele ni umuceri, na anajua kuhesabu mpaka elfu kwa Kinyarwanda.

Huko mpakani, anasema, mambo ni mepesi kuliko sokoni. Kituo cha pamoja cha Rusumo kilizinduliwa 2016, na mzigo usiozidi dola 2,000, uliozalishwa ndani ya Jumuiya, hupita bila ushuru wa forodha kwa cheti rahisi cha uasili wa bidhaa. Ila hakuna dirisha pale linalomfundisha mtu jina la bidhaa yake upande wa pili. (Nami nina shahada, na nililetewa mayai ya kuchemsha.)

Umureti ulifika mnene, viazi vimeshikana na mayai kama zege la Kariakoo. Viazi vilikuwa vya Kinigi, kutoka chini ya volkano za kaskazini, vikavu na vitamu kuliko vile nilivyozoea. Hilo nalikubali shingo upande. Badala ya pilipili ya kopo, matone mawili ya Akabanga, na la tatu nililijutia. Kachumbari hakuna. Kijiti cha kuchomea hakuna, uma upo.

Mama alimaliza wake kabla yangu, akaagiza mwingine wa safari. Wakaufunga kwenye karatasi, maana mifuko ya plastiki hapa ni marufuku tangu 2008. Basi lake la Rusumo lilikuwa la alfajiri.