Vidole vya jitu la Ngong: Hadithi zilivyoota juu ya vilima vya Kajiado

Hebu tuseme, mpenzi msomaji, kwamba leo Jumapili umeamua kuwatoa watoto nje ya mji. Mko ndani ya matatu, mmeipita Kitengela na maduka yake ya vifaa vya ujenzi, mnaelekea Isinya. Mtoto aliyekaa dirishani anatazama upande wa kulia, ng'ambo ya tambarare, na kule mbali anaona vilima vinne vilivyopangika kama vifundo vya ngumi iliyokunjwa. Anakuuliza, "Baba, kule ni wapi?"

Unaweza kumjibu kwa neno moja tu, "Ngong," kisha ukarudi kwenye gazeti lako. Wazazi wengi ndivyo tunavyofanya, nami nakiri nimo. Lakini vile vilima si jina tu. Kuna watu ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakivitazama asubuhi na jioni, na kila walipovitazama walikuwa na la kusema.

Wamaasai husimulia kwamba hapo kale palikuwa na jitu kubwa lililokuwa likitembea kutoka kusini kuelekea kaskazini. Lilipofika Kilimanjaro halikuangalia linapokanyaga, likajikwaa kwenye mlima, likaanguka kifudifudi. Mkono wake ukatua kwa kishindo ukingoni mwa Bonde la Ufa, na vile vifundo vya vidole ndivyo vilima vya Ngong. Wengine hawataki kusikia habari ya jitu. Hao husema kwamba Mungu alipomaliza kuumba dunia vidole vyake vilikuwa vimejaa udongo, akavikung'uta, na udongo uliodondoka ukawa vilima.

Usicheke upesi. Ni kweli kwamba kutoka Kilimanjaro hadi Ngong ni mwendo wa kilomita 200 hivi, na jitu la kuanguka umbali huo lingehitaji urefu ambao hata fundi cherehani wa Kitengela hangeweza kuupima. Lakini panda siku moja hadi kilele cha Lamwia, mita 2,460 juu ya usawa wa bahari, asubuhi isiyo na ukungu. Kusini utauona mlima mweupe, ule ambao Wamaasai huuita Oldoinyo Oibor. Geuka kaskazini, na mbingu zikikujalia utauona Mlima Kenya. Mtu aliyesimama hapo kuchunga mifugo alikuwa na milima mikubwa miwili machoni kwa wakati mmoja, na chini ya miguu yake vifundo vinne. Alihitaji kitu cha kuviunganisha. Jitu lilifaa kazi hiyo vizuri sana.

Wanajiolojia nao wana simulizi yao. Hao hutuambia kwamba Ngong ni mabaki ya volkano kuukuu, na kwamba upande wake wa magharibi ulikatika na kutumbukia bondeni Bonde la Ufa lilipokuwa likipasuka, mamilioni ya miaka iliyopita. Ndiyo maana upande wa Nairobi ni mteremko wa taratibu na upande wa pili ni maporomoko. Ukiwasikiliza vizuri utagundua kwamba hata kwao kuna kitu kikubwa kilichoanguka.

Sikiliza pia majina. Wengi husema kwamba Ngong imetokana na maneno ya Kimaasai, enkong'u emuny, yaani chemchemi ya kifaru. Lakini enkong'u ni jicho pia. Na Kajiado yenyewe ni Olkejuado, mto mrefu. Neno keju kwa Kimaasai ni mto na ni mguu vilevile. Kwa hiyo una vidole, una jicho, una mguu. Sisi wenye kutumia Kiswahili hatupaswi kushangaa, kwa maana watu wa pwani nao husema mkono wa bahari. Ardhi ya Kajiado husemwa kama mwili. Jitu likiangukia nchi ya namna hiyo halina ugeni.

Hadithi ya jitu, hata hivyo, ni ya kuwachekesha watoto. Kuna nyingine ya hapo hapo ambayo haikuwa mchezo.

Mwaka 1905 A. C. Hollis, ofisa wa serikali ya kikoloni, alichapisha kitabu kuhusu lugha na simulizi za Wamaasai. Miongoni mwa aliyoyaandika ni habari ya Ole Mweiya, aliyeshuka kutoka mbinguni akakutwa na watu wa ukoo wa Laiser ameketi juu ya mlima wao. Alikuwa mdogo wa umbo hata wakadhani ni mtoto. Wakamchukua hadi bomani kwao, na huko ndiko walikogundua kwamba ni oloiboni, mtu wa kuona mambo yasiyoonekana. Akaoa, akazaa, na alipokuwa akifa aliwausia wanawe wasihame mahali pale. Kizazi hicho ndicho kilichowatoa maoloiboni mashuhuri, Mbatian na mwanawe Lenana, ambao leo majina yao yako juu ya vilele vya Mlima Kenya.

Wapo wanaomtaja kwa jina lingine, Kidongoi, na kuongeza kwamba wakati wa ukame nyasi zilikuwa za kijani pale alipokuwa mtoto huyo. Sasa tafakari kidogo. Vilima vya Ngong hupokea upepo na ukungu ambao tambarare za Kitengela haziupati. Mwaka tambarare ikikauka, mchungaji aliyetazama juu aliona kijani. Pale ndipo palipokuwa na malisho ya mwisho na maji ya mwisho, na pale ndipo mtoto wa mbinguni alipookotwa. Sisemi kwamba hadithi ilitungwa kwa sababu ya nyasi. Nasema tu kwamba haikuanguka popote. Ilichagua mahali ambapo uhai wa ng'ombe, na kwa hiyo wa watu, ulikuwa ukining'inia.

Vilima hivyo wenyeji waliviita Oloolaiser, kwa jina la ukoo ule uliomwokota mtoto. Na kile kilele cha juu kabisa, Lamwia? Litamke polepole, kisha ulitamke jina la Ole Mweiya. Mimi sitaapa kwamba moja limelizaa lingine, lakini sikio langu haliniruhusu kuyatenga.

Unaweza kuuliza: je, simulizi pekee zinatosha kupafanya mahali pawe patakatifu? La. Ni lazima pawe na jambo la kutenda. Chukua mfano wa mti wa oreteti, ambao ni mtini wa porini. Mmaasai aliyelelewa kwa mila hatauangusha kwa shoka. Chini yake watu husimama kumwomba Enkai, Mungu, hasa mvua ikikawia au mwanamke akikosa mtoto. Mti ukishaombewa na bibi, na mama, na binti, hauwi tena kuni.

Au chukua kaburi. Zamani Wamaasai hawakuwa na desturi ya kumzika kila mtu. Oloiboni au tajiri ndiye aliyelazwa shimoni na kufunikwa mawe, na Hollis anaeleza kwamba kila aliyepita hapo alitupa kijiwe juu ya rundo, siku zote. Fikiria rundo hilo baada ya miaka 100. Nani atajua jiwe lipi lilitupwa na nani? Nami naona hadithi za mahali hukua vivyo hivyo. Hakuna mtunzi. Kuna mpita njia, na mwingine nyuma yake, kila mmoja na kijiwe chake.

Na wapita njia wa Ngong hawakuwa Wamaasai peke yao. Wakikuyu walio upande wa pili walikuwa wakiutazama mgongo ule ule na kuuita Kia-Mbiruiru, mlima wa anga safi. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake cha mwaka 1938, anautaja kuwa mmoja wa milima minne ambayo wazee waliielekea katika maombi yao, pamoja na Kirinyaga, Nyandarua na Kia-Njahi, ambao wengi wetu tunaujua kwa jina la Oldonyo Sabuk. Makabila mawili yaliyokuwa yakiibiana ng'ombe na kuoana yaligawana utakatifu wa kilima kimoja bila kuitisha mkutano wowote.

Kisha wakaja Wazungu, na hao pia hawakupona. Mwezi Mei mwaka 1931 Mwingereza Denys Finch Hatton alikufa ndege yake ilipoanguka Voi, naye akazikwa kwenye vilima vya Ngong. Rafiki yake Karen Blixen, aliyekuwa na shamba la kahawa chini ya vilima hivyo, alirudi kwao Denmark, na kitabu chake cha mwaka 1937 kinasimulia habari iliyomfikia huko kwa barua: kwamba Wamaasai walikuwa wamemwarifu mkuu wa wilaya kuwa simba dume na jike wameonekana mara nyingi juu ya kaburi lile, macheo na machweo. Barua hiyo hiyo inaeleza kwamba uwanja wa kaburi ulikuwa umesawazishwa, na kutoka hapo simba angeweza kuwaona ng'ombe na wanyama walioko tambarare. Blixen anajua sababu, na bado anaipenda hadithi. Hapo tunaona jiwe jipya likitupwa mbele ya macho yetu: miaka michache tu, na kaburi la mtu kutoka ng'ambo tayari lina walinzi wenye manyoya.

Si mawe yote ni mepesi. Machi 1975 mwili wa mbunge J. M. Kariuki, aliyeuawa, uligunduliwa na mchungaji wa Kimaasai kwenye vilima hivyo hivyo. Watu wa rika fulani hawawezi kulisikia jina la Ngong bila kukumbuka jambo hilo. Kilima hakichagui kinachotundikwa juu yake.

Nawe msomaji usidhani kwamba haya ni mambo ya kupitisha jioni tu. Katika mkataba wa Agosti 1904, ule ambao Lenana na wazee wengine waliutia alama na Wamaasai wakaondolewa Bonde la Ufa, wazee walidai kitu kimoja ambacho hakikuwa malisho wala maji. Walitaka waachiwe maili 5 za mraba kwenye miteremko ya Kinangop kwa ajili ya sherehe zao za tohara. Walikuwa wakipoteza nchi nzima, na bado wakapigania kipande cha kutendea mila, kwa maana tohara haihamishwi kama kitanda.

Karibu zaidi nasi ni kisa cha msitu wa Naimina Enkiyio, kule Loita, kwa majirani wa Narok. Maana ya jina hilo ni msitu wa mtoto aliyepotea. Inasimuliwa kwamba msichana aliwafuata ndama waliopotelea humo. Ndama wakarudi nyumbani, yeye hakurudi, na wapiganaji walimtafuta bila kumpata. Mwaka 1993 baraza la wilaya lilipotaka kuutenga msitu huo kwa utalii, Waloita walikataa, wakaunda wakfu wa kuulinda na kwenda mahakamani. Watu waliokulia katika hadithi ya msichana yule walijua tangu utotoni kwamba msitu una mwenyewe, nao hawakuhitaji ramani kuwaambia mpaka uko wapi.

Sasa turudi ndani ya matatu yetu. Tazama nje tena. Mwaka 1968 sheria ya ranchi za vikundi ilipitishwa, na baadaye ranchi hizo zikaanza kukatwakatwa, kila familia na sehemu yake, na sehemu zikauzwa. Kaunti ya Kajiado ilikuwa na watu 406,054 katika sensa ya mwaka 1999. Mwaka 2019 walikuwa 1,117,840. Wengi wetu tuliotoka mbali tumenunua hapa ploti za futi 50 kwa 100, na hakuna ubaya, watoto lazima walale mahali. Lakini mtu akinunua ploti yenye rundo la mawe katikati, atafanya nini? Atamshukuru muuzaji kwa kumpunguzia gharama ya msingi. Mti mkubwa uliosimama kwenye kona ya ua utaonekana unaziba lango. Wala hatakuwa ametenda kwa uovu. Hakuna aliyemwambia.

Majina yenyewe bado yako, ajabu ni kwamba yako mahali pa kawaida kabisa. Kuna mzazi Ngong ambaye kila muhula hulipa karo katika shule ya upili ya Oloolaiser, na mwingine Kajiado aliye na mwana Olkejuado, nao huyaandika majina hayo kwenye fomu za benki bila kujua kwamba wameandika ukoo uliomwokota mtoto wa mbinguni, na mto uliokuwa mguu. Hata mitambo ya umeme wa upepo, iliyowekwa kuanzia mwaka 2009 baada ya ile ya kwanza ya mwaka 1993, imesimama juu ya vifundo vya jitu. Mtoto wako ataiona kabla ya kuviona vilima. Pengine atakuambia kwamba jitu limevaa pete.

Basi gazeti lifunge, umwonyeshe. Anza na jitu, maana ndilo rahisi. Mtoto wa mbinguni aje mtakapofika Isinya, na simba wa kaburini wabaki kwa safari ya kurudi, jua likizama upande ule ule wa vilima. Jitayarishe tu kwa swali moja ambalo mimi lilinishinda. Wangu alivihesabu vifundo kwa kidole, moja, mbili, tatu, nne, akaukunja mkono wake mwenyewe na kuutazama, kisha akaniuliza kidole gumba kiliangukia wapi.