Viungo vilivyokufa: nani atamwonyesha njia mwanafunzi wetu?

WAHENGA walisema aulizaye njia hapotei. Walisema kweli, ila walisema katika zama ambazo uliyemuuliza alikuwa ameketi kibarazani kwake, anaijua njia na anajua pia ni daraja lipi limechukuliwa na maji. Siku hizi vijana wetu wanaiuliza njia kompyuta. Na kompyuta, ndugu msomaji, inaweza kukuelekeza kwenye daraja lililobomoka miaka kumi iliyopita bila aibu yoyote.

Nazungumzia kile kinachoitwa kiungo, yaani yale maneno ya rangi ya buluu ambayo ukiyabofya yanakupeleka kwenye ukurasa mwingine wa intaneti. Viungo hufa. Tovuti hufungwa, kampuni huuzwa, mradi huhamia kwingine, lakini anwani iliyoandikwa kwenye maelezo hubaki ile ile. Anayebofya hukutana na namba 404, ambayo kwa lugha ya seva maana yake ni kwamba ulichokiomba hakipo hapa.

Kwa anayetafuta matokeo ya mpira, huo ni usumbufu wa dakika moja. Kwa kijana anayejifunza kutengeneza programu, jambo hilo linaweza kumkatisha masomo.

Maktaba isiyo na rafu

Wataalamu wa kompyuta wana neno "maktaba" ambalo si lile la nyumba ya vitabu. Maktaba ya programu ni mkusanyiko wa kazi zilizokwisha kuandikwa na watu wengine, ili wewe usianze upya kila siku. Unataka kuchora grafu, kusoma jedwali au kukokotoa tarehe? Ipo maktaba ya kazi hiyo, na nyingi hutolewa bure.

Kila maktaba huja na nyaraka za maelezo: namna ya kuiweka kwenye kompyuta, kila amri inafanya nini, na mifano. Nyaraka hizo zimejaa viungo. Kimoja kinakupeleka mahali pa kupakua kifaa cha lazima, kingine kinakuonyesha kwa nini amri fulani inafanya kazi kinyume na ulivyotarajia. Kiungo kikifa, ni sawa na kumuuzia mtu cherehani kisha kumwambia maelezo ya kutia uzi yako kwa jirani aliyehama.

Mimi nafundisha somo la kompyuta katika shule moja ya sekondari kusini mwa nchi. Kompyuta ni chache, umeme una siku zake, na kifurushi cha intaneti kinanunuliwa kwa kuhesabu sarafu. Mwaka jana msichana mmoja alikuwa akifuata maelezo ya maktaba ndogo ya kuchora grafu. Hatua ya tatu ilimtaka abofye kiungo apakue faili la mfano. Alibofya, akarudia, akazima mashine na kuiwasha. Saa nzima ikapita na kifurushi kikaisha. Ndipo akaniita kwa sauti ya chini: "Mwalimu, nimekosea wapi?"

Hakuwa amekosea popote. Ghala lililokuwa na faili hilo lilikuwa limekwisha kufungwa kabla yeye hajaanza sekondari. Lakini swali lake ndilo lililonifanya nishike kalamu. Mtoto wa mji mkubwa wa Ulaya akikuta kiungo kimekufa anajua tovuti imeharibika, anatafuta nyingine. Mtoto wetu anadhani yeye ndiye hafai.

Tatizo ni kubwa kiasi gani?

Mwaka 2024 taasisi ya utafiti ya Pew ya Marekani ilitoa ripoti iliyoonyesha kwamba kati ya kurasa za intaneti zilizokuwepo mwaka 2013, asilimia 38 zilikuwa hazipatikani tena miaka kumi baadaye. Hata Wikipedia haikusalimika: asilimia 54 ya kurasa zilizochunguzwa zilikuwa na angalau kiungo kimoja cha rejea kilichoelekeza kwenye ukurasa usiokuwepo.

Katika ulimwengu wa programu sababu zake zinajulikana. Google Code, ghala lililoanzishwa mwaka 2006 na kuhifadhi miradi mingi, lilitangazwa mwaka 2015 kuwa litafungwa, na mwaka 2016 likafungwa. Microsoft nayo ilifunga ghala lake la CodePlex mwaka 2017. Mwaka 2020 Bitbucket iliacha kuhudumia miradi iliyotumia mfumo wa Mercurial. Nyingi za kazi zilizokuwamo ziliokolewa na wahifadhi, lakini anwani zilizoandikwa kwenye nyaraka za watu hazikujirekebisha zenyewe.

Ajabu ni kwamba onyo lilitolewa mapema. Tim Berners-Lee, Mwingereza aliyebuni mtandao huu wa kurasa, aliandika mwaka 1998 kwamba anwani nzuri haibadiliki, na kwamba kwa kawaida ni watu wanaozibadilisha, kwa kutopanga vizuri tangu mwanzo.

Tulilijua kabla ya kompyuta

Sisi tuliosomea ukimbizini tulilijua jambo hili kabla hatujaiona kompyuta. Katika kambi za Kibondo, kitabu kimoja kilisomwa na darasa zima mpaka kikachakaa. Unafika kwenye zoezi, linasema: tazama ukurasa wa 84. Unafunua, ukurasa wa 84 hauko, umechanika muhula uliopita. Mwalimu mzuri alikuwa yule aliyeandika kwa mkono pembeni: mchoro huu umo pia katika kitabu cha mwaka wa tano, ubao utachorwa Jumatatu.

Zilikuwepo pia barua za Msalaba Mwekundu, zile za kutafuta ndugu. Uliandika jina na kilima alichoishi mara ya mwisho. Ndugu aliyehama bila kumwambia mtu, barua yake ilirudi. Aliyemwachia jirani neno kwamba ameelekea upande fulani, barua ilimfikia hata kama ilichelewa.

Seva nazo zina neno hilo la kumwachia jirani. Mradi ukihama, mwenye seva anaweza kuiagiza itoe jibu namba 301, yaani nimehama moja kwa moja, anwani yangu mpya ni hii. Kivinjari kinaelewa na kinakupeleka huko bila wewe kujua. Mwaka 2018, kwa mfano, ghala kuu la maktaba za lugha ya Python lilihamia pypi.org kutoka anwani yake ya zamani, na waliobofya anwani ya zamani waliendelea kufika. Hivyo ndivyo waungwana wanavyohama.

Hapa kwetu tuna mfano wa karibu zaidi. Mwaka 2025 mikoa yetu 18 iligeuka kuwa 5. Mwenye cheti kilichoandikwa Makamba, Bururi au Rutana sasa yuko katika mkoa wa Burunga. Kilima hakikusogea hata hatua moja, lakini asiyeambiwa atauliza mpaka jua lizame.

Namna ya kuvikagua

Je, kazi ya kurekebisha inafanywaje? Ina sehemu mbili: ya mashine na ya binadamu.

Mashine hufanya kazi ya kuhesabu. Nyaraka nyingi za Python huandaliwa kwa programu iitwayo Sphinx, ambayo ilitolewa mwaka 2008. Ndani yake mna amri ya linkcheck. Ukiiita, inapita kila ukurasa, inakusanya viungo vyote vya nje, inabisha hodi kwa kila kimoja, kisha inakupa orodha. Inakagua hata kama kifungu ulichokitaja ndani ya ukurasa bado kipo, kwa sababu ukurasa unaweza kuwa hai na kifungu kikawa kimeondolewa.

Majibu yanasomwa hivi. Namba 200 ni mzima. Namba 301 ni amehama moja kwa moja, kwa hiyo andika anwani mpya leo, usingoje mpaka yule jirani naye ahame. Namba 302 ni ametoka kwa muda, usibadilishe kwa haraka. Namba 404 ni hayupo, na 410 ni ameondoka na hatarudi. Namba 403 inahitaji busara: tovuti nyingine hukataa kujibu mashine lakini binadamu akibisha zinamfungulia. Na 429 ni kwamba umebisha hodi mara nyingi mno, pumzika kwanza.

Sehemu ya pili ni ya macho na akili. Kiungo kinaweza kujibu 200 na bado kikawa kimekufa. Jina la tovuti lisipolipiwa huuzwa kwa mwingine, na pale palipokuwa na somo la hesabu sasa pana kamari. Mashine itasema ni mzima. Binadamu atafungua, atasoma, atatikisa kichwa.

Kwa kila kiungo kilichokufa, jiulize maswali matatu kwa mpangilio. Kwanza, je, ukurasa ule ule umehamia wapi? Tafuta kichwa chake cha habari, tazama makao mapya ya mradi. Pili, kama haupo popote, je, kuna nakala ya kumbukumbu? Internet Archive ya San Francisco, iliyoanzishwa mwaka 1996, ina huduma ya Wayback Machine inayokuonyesha ukurasa ulivyokuwa tarehe fulani. Chagua nakala iliyo karibu na tarehe ambayo maelezo yaliandikwa, kwani ya baadaye inaweza kuwa ya mwenye nyumba mpya. Tatu, kama nakala nayo haipo, ondoa kiungo na uandike kwa sentensi mbili kile kilichokuwa kikielezwa huko. Kiungo kisichofika popote kisiachwe kwa heshima ya aliyekiandika.

Kazi hii si ndogo kama inavyoonekana. Hadi mwaka 2018, programu maalumu ikisaidiana na wahariri wa Wikipedia ilikuwa imeokoa viungo zaidi ya milioni 9 kwa kuviunganisha na nakala za Wayback Machine.

Si usumbufu tu, ni hatari

Wapo watakaosema haya ni mambo ya usafi, hayana haraka. La hasha. Mwaka 2024 jina la tovuti polyfill.io, lililokuwa likitumiwa na tovuti zaidi ya 100,000 kuchukua msaada wa programu, lilichukuliwa na wamiliki wapya. Miezi michache baadaye ikagundulika kwamba linasambaza programu za kuwahadaa wageni wa tovuti hizo. Walioathirika hawakubadilisha neno hata moja kwao. Anwani ilikuwa ile ile, aliyekaa ndani ndiye aliyebadilika.

Sasa mfikirie mwanafunzi anayeambiwa na maelezo ya zamani apakue programu kutoka anwani ambayo mwenyewe aliiacha. Anaamini kwa sababu imeandikwa. Hapo kiungo chakavu si kibao kilichofutika tena, ni kibao kinachomwelekeza mtoto nyumbani kwa mwizi.

Vijana wetu wanaweza

Jambo linalonipa matumaini ni kwamba hii ni kazi ambayo anayeanza anaweza kuifanya. Haihitaji shahada. Inahitaji subira, uaminifu na Kiingereza cha kutosha kueleza ulichokibadilisha na kwa nini. Mradi wa wazi huruhusu yeyote kupendekeza marekebisho, na mwenye mradi akiyakubali, jina la kijana wa Rumonge au Ngozi linaingia kwenye kumbukumbu za kazi hiyo pamoja na mabingwa.

Lakini adabu ni lazima. Oktoba 2020, katika kampeni ya Hacktoberfest iliyowazawadia fulana waliochangia miradi, wenye miradi walifurikiwa na mabadiliko ya ovyo ya watu waliotaka fulana tu. Waandaaji walilazimika kubadilisha masharti kabla mwezi haujaisha, ili mradi ushiriki pale tu mwenyewe anapoomba. Kwa hiyo kijana wangu, soma kwanza kanuni za mradi. Kusanya viungo vinavyohusiana katika pendekezo moja badala ya kutuma arobaini. Eleza umekagua vipi. Akikataa mwenye mradi, shukuru na uendelee.

Walimu nao tuna sehemu yetu. Kabla ya kugawa somo, bofya kila kiungo mwenyewe. Nyaraka za Python zinaweza kupakuliwa zote kwa pamoja na kusomwa bila intaneti, na programu ya Kiwix inafanya hivyo hivyo kwa Wikipedia. Siku ambayo kuna mtandao, pakua; siku ambayo hakuna, darasa liendelee. Na ukiandika maelezo yako, taja jina la ukurasa, mwandishi na tarehe, si anwani peke yake. Anwani ikifa, jina linabaki la kutafutia.

Kila shule yenye kompyuta hata tano inaweza kuanza muhula huu. Chagueni maktaba moja mnayoitumia, gawaneni kurasa, kila mwanafunzi akague viungo kumi na kuandika majibu kwenye daftari. Mwisho wa mwezi mtakuwa na orodha ya kutuma. Kizazi kilichotutangulia kilifyeka njia za vijijini kwa kazi za pamoja, na hakuna aliyeuliza ni nani atakayepita kesho. Njia hizi mpya nazo zina majani, na majembe tunayo.